Viatu Vitano vya Mstari wa Tatu

Viatu vya mtumba huhesabiwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa jozi, mara ya pili kwa mguu mmoja mmoja, kwa sababu belo, lile furushi la mtumba, halina aibu: linaweza kukupa jozi arobaini safi, na chini kabisa likakuwekea miguu saba ya kushoto isiyo na wenzake. Anayehesabu mara moja huenda nyumbani na furaha. Mimi furaha ya namna hiyo siijui. Nimeuza viatu sokoni Masasi miaka kumi na saba, na hata kanisani, mahubiri yakirefuka, najikuta nahesabu vioo vya madirisha, kisha navirudia kuanzia upande wa pili.

Nayasema haya mapema ili ieleweke kwamba nilichomfanyia bibi yangu sikukifanya kwa ubaya. Nilikifanya kwa hesabu.

Babu na bibi, wazazi wa mama yangu, waliishi Mnyambe, huko juu Newala, kwenye baridi na ukungu, ambako ndoo ya maji ina heshima kuliko mgeni. Babu alikuwa dresa wa hospitali ya misheni tangu ujana wake, mtu wa kufunga vidonda na kupima dawa ya kijiko bila kumwaga tone. Bibi alikuwa akifanya usafi kwenye nyumba ya daktari, Mzungu mmoja wa misheni, na huko ndiko walikopatana. Walipozeeka walirudi kwenye mikorosho yao, babu akawa mzee wa kanisa, bibi akawa bibi wa kila mtu.

Kisha bibi akapatwa na kiharusi. Upande wa kushoto ukalala, na maneno yakaondoka, ya Kimakonde na ya Kiswahili yote kwa pamoja. Alichobaki nacho ni macho, mkono wa kulia, na kisigino cha kulia. Mdomo aliufunga. Uji ukiletwa anatazama ukuta. Babu alimwimbia tenzi za kanisa, zile walizooana nazo, na bibi akaendelea kutazama ukuta kwa adabu zote.

Siku moja babu akachukua kinanda chake cha mdomo, kile kidogo cha bati chenye matundu kumi, ambacho daktari alimwachia alipoondoka nchini. Akapiga wimbo mmoja wa jazi ya zamani, ya wale Wamarekani weusi waliokuwa wakitembea barabarani na matarumbeta. Babu alijifunza wimbo huo ujanani, kutoka kwenye santuri ya daktari. Alipofika katikati, kisigino cha bibi kikaanza kugonga mkeka. Mahali pamoja, kuelekea mwisho, kisigino kikapanda, kikakaa hewani, kisha kikashuka sawasawa na sauti iliyofuata. Wimbo ulipoisha bibi akafungua mdomo. Akanywa uji nusu bakuli.

Tangu siku hiyo ikawa kila mchana: wimbo, kisigino, uji. Bila wimbo hakuna uji. Nimefanya biashara na watu wagumu wa Masasi, wa Lupaso, wa Chiwata, lakini sijaona mtu aliyeshikilia bei yake kama bibi yangu asiyesema.

Tatizo lilikuwa kifua cha babu. Pumzi zilikuwa zinamwishia. Alikuwa akimaliza wimbo anashika ukuta, midomo imebadilika rangi. Ndipo akaniita. Wajukuu wengine wako Mtwara na Dar es Salaam. Mimi nilikuwa karibu, na mtu anayeita wateja tangu asubuhi hadi jioni hawezi kusingizia kukosa pumzi.

Kwetu babu na mjukuu wana utani wao. Yeye huniita mke wangu, na bibi, alipokuwa na maneno, aliniita mke mwenzangu, akiniuliza kila nikifika ni lini nitachukua zamu ya kuchota maji. Siku hiyo nilimsalimia babu shikamoo, akaitikia marahaba, akanionyesha kwa kidevu alipokaa bibi.

"Mke wangu," akasema, "mwenzako anakula kwa kinanda. Siku pumzi zangu zikikatika, nani atamlisha?"

Sikuwahi kugusa kinanda. Kwa hiyo nikafanya ninachokijua, nikaomba punguzo. Nikauliza kama nusu ya wimbo haitatosha, ile nusu yenye kisigino tu. Babu akaniambia kwa upole kwamba dozi haikatwi. Nikajaribu robo tatu. Akaninyooshea kinanda, na hapo nikajua nimenunua.

Nikawa napanda Newala kila Jumamosi, narudi Masasi Jumapili baada ya ibada. Babu alikuwa akikifuta kinanda kwa pamba yenye spiriti kabla ya kunipa, na akikipokea anakifuta tena, kwa nguvu zaidi. Kufundisha alifundisha kama dresa. Tundu la nne, puliza. Tundu la tano, puliza, sasa vuta. "Vuta kama nakupima kifua," anasema, na mimi navuta mpaka kizunguzungu. Matundu yenyewe yamebanana hivi kwamba mdomo wangu ulikuwa unashika matatu kwa wakati mmoja, na sauti iliyotoka ilimfanya kuku wa jirani aondoke kabisa uwanjani. Bibi alikuwa akitutazama kutoka kwenye mkeka. Nina hakika alikuwa anacheka. Upande mmoja wa uso ulikuwa unacheka.

Masasi nilinunua kinanda changu kwa mwanamume anayeuza kava za simu kibanda cha pili kutoka kwangu, mtu wa makamo, ambaye pia huwaingizia watu nyimbo kwenye memori kadi. Alitaja bei, nikataja nusu yake, akaapa kwa watoto wake, nikamkumbusha kwamba kinanda hicho kimekaa hapo tangu mtoto wake wa mwisho hajazaliwa. Tukaelewana.

Kukumbuka wimbo ndiko kulikonishinda. Karatasi sikuiamini. Nikatumia viatu. Asubuhi, kabla wateja hawajawa wengi, nilitandika turubai langu nikapanga wimbo mzima kwa miguu ya kulia: kila pigo kiatu kimoja, ncha ikitazama mbele ni kupuliza, ncha ikinitazama mimi ni kuvuta. Mistari minne. Nikipita na macho, mdomo unafuata. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi alichukua kiatu cha tatu cha mstari wa pili, akakijaribu, akauliza mwenzake yuko wapi. Nikamjibu nikiwa bado na kinanda mdomoni kwamba asikiondoe hicho, hapo panavutwa. Alinitazama, akakirudisha taratibu, akaenda kununua kwa jirani.

Ni viatu hivyo vilivyoniponza. Mstari wa kwanza ulikuwa na viatu vinane. Wa pili, vinane. Wa nne, vinane. Wa tatu ulikuwa na vitano.

Nilihesabu mara ya pili, bila shaka. Vitano. Nikaupiga wimbo polepole huku nagonga mguu, nikasikia kwa masikio yangu kwamba mstari wa tatu haumalizi: unafika pigo la tano, halafu ghafla uko kwenye mstari wa nne, kama mtu aliyeruka mtaro. Jumamosi nikamwambia babu kwamba wimbo wake una upungufu. Akasema ndivyo ulivyo. Nikamwambia hakuna fundi anayejenga kuta tatu za matofali manane na moja ya matano. Akasema labda Wamarekani ndivyo wanavyojenga. Nikamwambia hapana, babu, hapa ulipunjwa.

Neno hilo nalikumbuka vizuri. Sokoni kupunjwa ni kupewa kipimo pungufu na kuambiwa kimejaa. Mtu akimpunja babu yangu mimi nikiwepo, sitalala.

Jina la wimbo lilikuwa limeandikwa kwenye santuri, na babu alilikumbuka herufi kwa herufi ingawa hakujua maana yake. Nililipeleka kwa yule jirani wa kava za simu. Hakumaliza hata kikombe chake cha chai, akawa ameupata. Nikamwambia asitafute mmoja tu. Akaleta wa bendi tatu tofauti, na nikasikiliza zote tatu nikigonga mguu, kama hakimu mwenye mashahidi watatu. Wote wakasema nane. Kulikuwa na mapigo matatu ambayo babu yangu hakuyapata maisha yake yote, na mimi nilikuwa nayo kwenye simu.

Nimewahi kurudisha viatu vibovu kwa muuza mabelo na nikalipwa. Sijawahi kusikia ushindi kama niliousikia siku ile nikipanda Newala.

Babu alisikiliza simu akiwa ameinamisha kichwa, kiganja nyuma ya sikio. Ilipofika pale, akashtuka. Akaniomba nirudishe. Nikarudisha mara nne. Kisha akacheka mpaka akakohoa, na alipopata pumzi akaniambia kisa ambacho hata mama yangu hakuwa akikijua.

Ile santuri bibi aliiangusha. Alikuwa msichana, siku zake za mwanzo kwenye nyumba ya daktari, anapangusa vumbi, ikamponyoka ikapiga sakafu ya sementi. Haikuvunjika, ila ilipata mkwaruzo mrefu kama kovu la kisu. Daktari alipouliza, babu, ambaye alikuwa ameleta funguo za stoo tu, akasema ni yeye. Akakatwa siku zake za mapumziko. Tangu hapo santuri ikifika pale, sindano ilikuwa inaruka. Jioni daktari akiwa zamu hospitali, wao wawili walikuwa wakicheza kwenye baraza la kufulia, na sindano ikiruka, nao wanaruka. Ndivyo walivyoanza.

"Kumbe pale palikuwa na watu," babu akasema, akiitazama simu. "Miaka yote hii nairuka nyumba yenye watu."

Kisa hicho nilikisikia kwa masikio yote mawili. Nilicheka. Nikamwangalia bibi, naye alikuwa anatutazama, kisigino kimetulia kwenye mkeka. Kila kitu kilikuwa kimewekwa mbele yangu, kimepangwa mstari kama viatu vyangu, na mimi nilikihesabu kama hadithi nzuri, nikarudi kwenye mapigo yangu matatu.

Babu aliyataka. Hilo lazima niliseme, si kwa kujitetea, ila kwa sababu ni kweli. Alikuwa mtu wa dozi kamili, na kugundua kwamba amekuwa akitoa dozi pungufu kulimsumbua na kumfurahisha. Akaniomba nimwachie simu yangu ndogo yenye wimbo, nami nikamwachia. Kwa wiki tatu mchana alimpigia bibi wimbo wa zamani, na asubuhi akawa anajifunza mpya peke yake shambani, chini ya mikorosho, asije akamharibia bibi chakula chake kwa makosa. Alikuwa anafanya kwa vipande, kwa sababu ya kifua. Mimi huku Masasi niliongeza viatu vitatu kwenye mstari wa tatu, nikasimama nikautazama. Ulipendeza.

Jumamosi ya nne tukaketi mbele ya bibi. Tulikuwa tumekubaliana mimi nianze, babu anipokee mwishoni. Uji ulikuwa tayari, umefunikwa kwa sahani. Nikapiga mstari wa kwanza. Kisigino kikaanza kugonga, na nakiri kwamba moyo wangu ulipanda, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza kinigongee mimi. Mstari wa pili, kinagonga. Mstari wa tatu, pigo la nne, pigo la tano.

Kisigino kikapanda.

Na mimi nikaendelea. La sita, la saba, la nane, yote safi, yote mahali pake. Kisigino kilikuwa hewani. Kilikuwa kinangoja kushuka na sauti yake, na sauti yake haikuja. Zilikuja nyingine tatu zisizomhusu. Niliona mguu unatetemeka. Kisha bibi akaushusha polepole, katikati ya mapigo, mahali ambapo hapakuwa na kitu, kama mtu anayekanyaga ngazi isiyokuwepo. Hakunitazama mimi. Alimtazama babu, kwa macho ya mtu aliyeitwa kwa jina lisilo lake na mtu anayemjua.

Babu akasema, kwa haraka, turudie. Tukarudia. Safari hii kisigino hakikugonga kabisa.

Uji ulipoa. Babu akaufunua, akaukoroga, akampelekea kijiko, na bibi akageukia ukuta.

Nikamwambia babu apige ule wa zamani. Akachukua kinanda, akasahau hata kukifuta. Mstari wa kwanza na wa pili ilipita. Alipofika pigo la tano la mstari wa tatu, akasita. Si kwamba alikosea. Aliruka vilevile, lakini kabla ya kuruka alifikiri, na ule muda wa kufikiri ulisikika. Sindano haifikiri. Jana yake tu alikuwa ameruka pale bila habari. Sasa ilikuwa kama ananisaidia mimi nione anaporuka. Akajaribu tena, na tena, na ya tatu ikamwishia pumzi katikati, akashika ukuta.

Nilibaki Mnyambe siku tano, kibanda kimefungwa. Nilijaribu mimi. Niliwaza kwamba mimi ndiye mgeni wa wimbo huu, mimi naweza kuondoa viatu vitatu kama nilivyoviweka. Haikuwa hivyo. Mdomo ulikuwa umeshajua kwamba pale pana watu. Nikiruka, najisikia nimewaruka. Bibi alikuwa akinisikiliza kwa uvumilivu, kama alivyokuwa akisikiliza tenzi. Siku ya tano nilishika mguu wake wa kulia, nikaugonga mkekani kwa mkono wangu, nikaunyanyua mahali pake. Ulikuwa mzito na wa baridi kidogo. Babu akaniambia niuache.

Hakufa kwa njaa, na daktari wa sasa, tuliyempeleka kwake, hakuandika wimbo kwenye karatasi yake. Babu alimlisha kijiko kwa kijiko, saa nzima kwa robo ya bakuli, na mara nyingine alikubali. Alifariki masika, miezi minne baadaye. Katika miezi hiyo kisigino hakikugonga tena. Nimeihesabu miezi hiyo mara mbili na inabaki minne.

Msibani watu walinisifu kwa kupanda Newala kila wiki. Nilipokea sifa hizo kama mtu anayepokea chenji iliyozidi na kunyamaza. Babu hakuwaambia kitu. Baada ya mazishi alikifunga kinanda cha daktari kwenye kitambaa cha gamjii, kile cha kufungia vidonda, akanipa, akasema kifua chake kimestaafu.

Ninacho kibandani. Asubuhi nikishatandika turubai, napanga mistari yangu minne: nane, nane, tano, nane. Kila siku. Jirani wa kava za simu ameshaniuliza kwa nini nisiongeze vile vitatu, kwa kuwa ni yeye aliyenitafutia. Nikamwambia vimenunuliwa. Napuliza, navuta, nafika pigo la tano, naruka. Kwa wateja nadhani unasikika vizuri. Kuna mama mmoja hata hucheza akipita.

Mwezi uliopita nilipanda kumwona babu. Siku hizi anakaa na mama yangu mdogo, na jioni humtolea kiti barazani. Nilimwamkia, akaitikia, akaniuliza biashara. Kisha nikatoa kinanda. Sikumwambia nimefanya mazoezi kiasi gani. Nilifumba macho, nikapiga wimbo wote, na pale mstari wa tatu niliruka bila kusita, au nilivyodhani ni bila kusita. Nilipofumbua macho babu alikuwa anautazama mguu wake mwenyewe kwenye kandambili. Ulikuwa umetulia.

Halafu akanigusa goti.

"Umekaribia, mke wangu," akasema.

Nikamshukuru. Neno hilo nalijua. Ndilo ninalowaambia wateja wanaotaja bei iliyo mbali sana, ili wasiondoke.